Kurasa Kumi na Mbili za Injinia

Ngatia hakuwa injinia, lakini mtaa mzima wa Ruring'u, mjini Nyeri, ulimwita Injinia, naye hakuwa mtu wa kubishana na umma. Jumanne hiyo alikuwa kwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na stadium, akitafuna mahindi ya kuchoma, aliposikia Mwikali, mke wa afande, akilalamika kwamba televisheni yake imemzimia katikati ya habari, ati mpaka alipie mwezi mwingine. Wenzake wawili wa chama cha akiba wakasema hata zao zimefanya hivyo hivyo. Ngatia akaacha kutafuna. Televisheni tatu, hasira tatu, na nyuma yao akina mama thelathini na wawili wenye akiba. Riziki ya mbwa iko miguuni mwake, na Ngatia alikuwa na viatu vizuri.

Akawaeleza kwa upole wa mchungaji. Programu za televisheni na simu ni aina mbili. Kuna ya kufungwa, ambayo wewe umenunua mashine lakini kampuni bado ndiyo mwenyewe, ikikasirika inakuzimia ukiwa umekaa kwako. Na kuna ya wazi, ambayo imeandikwa na watu wengi na haina mwenyewe wa kuizima. Hapa lazima nimtendee haki: kila neno alilosema lilikuwa kweli, jambo lililomtia aibu kidogo kikazi. Uongo ulikuja mwishoni tu, alipowaambia kwamba ya wazi huhitaji Ufunguo wa Uhuru, shilingi elfu tatu kila nyumba. Hiyo programu yenyewe alikuwa ameichukua bure kwenye saiba, duka la intaneti, na ilishuka kabla hajamaliza mandazi.

Msimuone mroho. Ngatia alikuwa na shida, na shida yake ilikuwa mfukoni: simu kubwa ya kamera tatu, aliyoichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Usipolipa, kampuni inaifunga hukohuko iliko. Ujumbe ulikuwa umemwambia mwisho ni Alhamisi saa kumi jioni. Bila simu hakuna Mpesa, hakuna wateja, hakuna Injinia. Angebaki Ngatia wa kijijini Gakindu, yule ambaye mamake anaweza kumtuma kuchuma kahawa. Aliogopa kahawa kuliko polisi.

Chama hicho cha akina Mwikali, Mwihoko, kilimpa nafasi Alhamisi saa saba. Mwenyekiti, bibi mzee waliyemwita Cucu Watiri, alisikiliza habari ya Uhuru akiitikia kwa kichwa kwa furaha, kisha akaomba karatasi. Ngatia alikuwa amejiandaa. Programu ilikuja na laisensi yake ya kizungu, kurasa kumi na mbili, naye akaipiga chapa yote kwa sababu ilikuwa nene. Hakuisoma. Hata ule mkataba wa simu hakuusoma.

Asilolijua ni kwamba tangu akina mama hao wauziwe kware, wakabaki na mayai elfu moja ambayo hayakutakiwa hata na mbwa, walipitisha sheria: karatasi haikubaliwi mpaka isomwe kwa sauti, yote. Warigia, karani wa mahakama aliyestaafu, angesoma Kiingereza. Kisha angetafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya Mwikali, ambaye kwao ni Machakos. Kisha kwa Kikuyu kwa ajili ya Cucu. Mwikali ameishi Nyeri miaka ishirini na hugombana sokoni kwa Kikuyu kitupu, lakini haki yake ni haki yake.

Warigia akasafisha koo. Kila aya ilipoisha kwa lugha ya tatu, mtu nyuma aliitikia "Amina." Saa nane walikuwa ukurasa wa pili. Ngatia akapendekeza waruke sehemu zisizo muhimu, akatozwa shilingi hamsini kwa kuongea bila kuinua mkono. Zilikuwa za mwisho mfukoni.

Saa tisa, ukurasa wa tano, Warigia akavua miwani.

"Injinia, hapa imesema kila mtu anaruhusiwa kuikopi na kumpa mwingine."

"Hiyo ni lugha ya sheria tu, mama."

"Mimi nimekaa kotini miaka thelathini. Kila mtu ni kila mtu."

Jambo hilo likatafsiriwa mara mbili. Lilipofika kwa Cucu, Tabby mweka hazina alikuwa ameshachomeka flashi ya Ngatia yenye programu kwenye laptopu yake na kuikopi, kama karatasi ilivyoruhusu. Elfu tatu mara thelathini na mbili zikayeyuka mbele ya macho ya Injinia huku watu wakisema Amina.

Lakini mjanja hafi kwa pigo moja. Akainua mkono, akaulizia malipo ya jasho lake. Warigia akafunua ukurasa wa saba, akakubali kwamba kazi ya mtu yaweza kulipwa. Ikapendekezwa mia mbili kila nyumba, ikaungwa mkono. Ngatia akapiga hesabu, akapumua. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane, na Tabby alikuwa na simu mkononi tayari kutuma.

"Ngoja," akasema Cucu Watiri. "Hiyo azimio isomwe kwanza."

Ikasomwa. Kiingereza, Kiswahili. Katikati ya Kikuyu simu ya Ngatia ikalia mlio mmoja mrefu, na kioo kikageuka chekundu chote. Cucu akaichukua, akaisogeza karibu na macho.

"Hii yako, mwanangu, ni ya wazi ama ni ya kufungwa?"

Mwikali alicheka mpaka shali ikaanguka. Kisha akauliza, kwa Kikuyu safi kabisa, mtu aliyeshindwa kufungua simu yake atafungua TV ya nani. Azimio likaondolewa kabla ya kusomwa lote, jambo ambalo halijawahi kutokea Mwihoko.

Ngatia alihisi harufu ya kahawa mbichi. Akasahau ujanja wote, akaomba msaada kama mtoto: wamlipie tu simu ifunguke. Tabby akasema mkopo ni wa wanachama. Basi akaomba kuwa mwanachama. Warigia akamletea fomu, kurasa nne.

"Soma kwanza, Injinia."

"Hakuna haja, mama. Ninawaamini." Akatia sahihi zote nne. Warigia akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tabby akailipa kampuni pesa za siku moja, ndicho kiwango cha mwanachama mpya. Kioo kikarudi, kamera zote tatu zikiwa hai, na Ngatia akaibusu simu mbele ya watu. Ingekaa wazi mpaka kesho saa kumi.

"Sasa tusome aliyoyasaini," akasema Cucu.

Yakasomwa, kwa lugha tatu. Kwamba mwanachama mwenye ufundi atawafanyia wenzake kazi hiyo bure mwaka mzima. Kwamba mwanachama mpya ndiye hubeba viti. Kwamba kila mwanachama husaidia mwenzake msimu wa mavuno, na Cucu Watiri, ikumbukwe, ana mashina mia nne ya kahawa.

Akina mama wakaitikia Amina. Ngatia naye akaitikia, maana asiyeitikia hutozwa hamsini.