Kumfunika Babu Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwisha! Mvua imenikuta nyuma ya soko na mashuka yote ya gesti mgongoni mwa Babu. Yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Hapakuwa na pa kujibanza. Nikakanyaga mafuta. Babu akakohoa, akaendelea na mwendo wake uleule wa msibani.

Babu ni pikapu yetu. Alikuwa gari la marehemu baba mkwe. Kila asubuhi hukohoa kabla ya kuamka, ndiyo maana ya jina.

Meneja wa gesti alitoka mwenyewe kupokea. Aliweka kiganja juu ya shuka la kwanza kama anayempima mtoto homa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema taratibu kwamba Jumamosi anapokea wageni wa semina, vyumba vyote vimejaa, na mashuka yakifika yameloa tena kazi atampa wifi yangu. Kwa kuwa wifi ana gari lenye milango.

Wifi! Dada wa mume wangu. Anafulia taulo za saluni kwa kigari chake cheupe, na gesti yangu anaitupia jicho la pembeni tangu siku nyingi. Naamini hivyo. Sina ushahidi, lakini naamini.

Gesti ikienda, imekwenda na ada ya Mkubwa na maziwa ya Kifaranga. Hao ndio wanangu: Mkubwa yuko darasa la pili, Kifaranga hajafika hata chekechea. Baba yao yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, na anacholeta kinaishia kwa mwenye nyumba.  

Nimeamua. Babu afunikwe. Kabla ya Jumamosi. Wifi asijue.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda duka la vipuri na Kifaranga mgongoni. Kumbe vifuniko vya pikapu viko vya aina nyingi, na kila kimoja kina namna yake ya kuniua.

Kuna turubai la kufunga kwa kamba. Naliona kabisa linafunguka barabarani, linapaa, linamvaa mwendesha pikipiki usoni. Kuna mbao za kukunja. Hizo ni za kukata vidole. Kuna kifuniko kizima cha bati chenye kufuli, kizuri, kinang'aa, mvua haiingii hata kwa kuombwa. Lakini hicho lazima bodi itobolewe, na mume wangu alipoondoka aliacha maagizo mawili: watoto wale vizuri, na bodi ya baba yake isitobolewe hata kwa sindano.

Halafu kuna Kifaranga. Mtoto huyu akiona kitu chenye mfuniko anaingia. Kapu la nguo chafu, kabati, sufuria kubwa la shughuli. Nikamuuliza muuzaji kama kile cha bati kinafunguka kwa ndani. Akaniuliza, mama, unabeba mashuka au unabeba watu? Duka zima likacheka. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeshamwona mwanangu humo, gizani, ananiita, na ufunguo umeniangukia mtaroni.

Turubai basi.

Muuzaji akasema hana la kumtosha Babu, magari ya umri huo hayatengenezewi tena vitu vya tayari. Akanielekeza kwa fundi wa maturubai, nimpelekee vipimo tu. Sina utepe wa kupimia. Ila akili ninayo! Nimerudi nyumbani, nimetoa kwenye kamba shuka moja la kitanda kikubwa. Lilikuwa bado na unyevu. Tumelivuta, mimi huku na Mkubwa kule, pembe kwa pembe, kama tunavyovuta kila shuka ili likunjike vizuri. Tukalitandaza juu ya bodi. Limekaa sawasawa! Limefika kwenye kulabu zote za bodi, pande zote, kana kwamba Babu alizaliwa nalo.

Kesho nampelekea fundi shuka lenyewe. Nani anahitaji utepe?

Jumatano, 9 Aprili

Wifi amekuja. Bila taarifa! Nimemwona dirishani anamzunguka Babu kama daktari anayezunguka mgonjwa asiye na matumaini. Akaingia ndani na kuuliza mbona gari la baba limevishwa shuka jana, majirani wamemwambia. Nikasema ni vumbi. Nikasema napanga kumwekea kifuniko kwa heshima ya marehemu, jua lisimchubue rangi. Sijui yametoka wapi maneno haya. Wifi akatoa machozi. Kweli kabisa, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Akasema kaka yake amepata mke.

Nilijisikia vibaya kwa muda wa kumeza funda moja la chai. Kwa sababu la pili lilipokuwa linashuka akasema, "Lakini wifi yangu, usijiue. Ukizidiwa niambie, kigari changu kina nafasi."

Ukizidiwa! Umesikia? Amekuja kupima kaburi langu. Nikamwongezea chai ya moto kuliko kawaida.

Mchana mume wangu amepiga simu. Salamu hajamaliza akauliza kama natoboa bodi. Basi habari zimeshafika! Nimeapa sitoboi. Akauliza ni kitu gani basi. Nikasema mtandao unakatika.

Fundi wa maturubai ni mtu mpole mwenye sindano kubwa kama misumari. Alilitazama shuka, akanitazama mimi, akasema ni bora aje alione gari lenyewe. Au nilete gari. Nikakataa katakata. Karakana yake inatazamana na nyumba ya wifi, mlango kwa mlango! Babu akionekana pale, kabla sijazima injini Meneja ameshajua kwamba nahangaika. Na fundi akija kwangu, majirani wale wale. Nikasema hilo shuka ndilo kipimo, asiongeze wala asipunguze hata uzi.

Nikaomba pia katikati aweke dirisha la nailoni. Akauliza la nini. Nikasema nataka kuona kilichomo bila kufungua. Akauliza kwani mashuka hutoroka? Sikumwambia habari za Kifaranga. Sasa ananiita Mama Dirisha, na mwanafunzi wake naye amedaka.

Alhamisi, 10 Aprili

Turubai limetoka. Jeusi, zito, mshono umenyooka, dirisha katikati kama jicho moja. Nimelibeba kichwani kwa kupitia kichochoro cha nyuma, nimejifunika mtandio mpaka puani. Mtu mmoja aliniamkia kwa jina langu. Sijui ni nani. Nimeogopa njia nzima.

Nimelitandaza juu ya Babu. Halifiki!

Limepungua kiganja kila upande. Kulabu ziko kule, turubai liko huku, vinatazamana kama watu waliogombana. Nikarudi mbio kwa fundi, kwa kichochoro kilekile. Akashangaa kwa uchungu wa kweli. Akasema yeye alilipiga pasi shuka langu kabla ya kulipima, pande zote mbili, tena pasi ya moto, ili asinikosee hata kidogo. Akalitoa likiwa limekunjwa vizuri. Kavu. Dogo.

 Mtu aliyefua mashuka miaka yote hii angejua shuka bichi likivutwa linakuwa lipi na likikauka linarudi kuwa lipi. Najua. Nimekuwa najua siku zote! Nilisema tu kwamba huenda Babu amenenepa.

Kurudia kazi hawezi mpaka wiki ijayo. Jumamosi haisubiri wiki ijayo.

Nimefungua kamba yangu ya kuanikia. Nimeikatakata, nimeipitisha kwenye vitundu vya turubai hadi kwenye kulabu, na mafundo yangu ni mafundo ya mtu mwenye hofu: moja juu ya jingine, na jingine juu ya hilo. Nyuma pembeni limebaki pengo la kupita paka. Nimeliziba kwa gunia.

Nimemzungusha mtaani kwa majaribio. Upepo ukaingia chini, turubai likaanza kupiga makofi. Mbwa wakatufuata. Mimi mwenyewe nikiwa ndani niliogopa nikadhani kuna mtu amepanda nyuma.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefua tangu alfajiri. Kwa kuwa kamba ya kuanikia iko kwenye turubai, nimeanika juu ya ua, juu ya viti, juu ya mlango. Mkubwa ametoka shule akashika foronya bila kuambiwa. Namuonea huruma mtoto huyu. Nimempa ukoko wa wali peke yake, Kifaranga akiwa hatazami. Kisha nimemwambia akaoge, na asinijibu.

Jua limenihurumia, kila kitu kimekauka. Pasi imewaka mpaka mpini umelainika. Jioni nimepakia kabisa, maana naogopa Babu asubuhi atagoma na muda wa kupakia utakosekana. Kifaranga alisimama akiangalia mashuka yanavyopangwa, meupe, manene. Akauliza kama Babu ana kitanda kizuri humo ndani.

 Nikamshika mashavu. Nikamwambia humo haingii mtoto, hata siku moja, hata mama akiwa hayupo. Akasema ndiyo mama. Alisema hivyohivyo kuhusu sufuria.

Nimefunga mafundo. Manyunyu yameanguka kidogo nilipomaliza. Nimeweka mkono chini ya turubai: pakavu! Nimecheka peke yangu uani. Halafu nikaacha, maana nikicheka hivyo huwa kuna kitu kinakuja.

Jumamosi, 12 Aprili



Asubuhi nimevaa, Mkubwa amevaa, wingu limekaa juu ya nyumba kama limepanga. Kifaranga hayupo. Si kitandani. Si kabatini. Si kwenye kapu, si kwenye sufuria. Nikaita kwa sauti ya upole, ile ya kumdanganya. Nikaita kwa sauti ya fimbo. Kimya.

Nikatoka nje. Gunia liko chini.

Lile gunia la kuziba pengo! Limevutwa, limelala kwenye matope, na pengo liko wazi, pengo la kupita paka, na mwanangu ni mdogo kama paka. Nikaingiza mkono mpaka kwapani. Mashuka tu. Nikaita kupitia pengo. Hakuna jibu. Nikapanda juu ya tairi, nikachungulia kwenye dirisha la nailoni lililojaa ukungu.

Mguu. Mguu mdogo, umegandamana na nailoni. Hauchezi.

Nikarukia mafundo. Yalikuwa yamelowa manyunyu ya jana, yamekaza kama chuma. Nikatumia kucha. Nikatumia meno. Mkubwa akawa analia ananiita mama, mama, na mimi sikusikia neno jingine duniani. Nikaingia ndani nikatoka na mkasi wa kukatia vitambaa. Nikalipasua turubai toka dirishani mpaka mwisho, kwa mara moja, kama samaki.

Soksi.

Soksi ya Kifaranga. Niliyoipiga pasi mimi mwenyewe jana, nikaikunjia ndani ya foronya bila kuiona, ikachomoza upande wa juu.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Wifi, unachinja?"

Alikuwa amesimama getini. Kigari chake cheupe kilikuwa kimeegeshwa nje, na kiunoni alikuwa amembeba Kifaranga, anakula andazi, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Alisema ameona wingu, akaja kuangalia kama nahitaji msaada. Alipofungua mlango wa kigari ili ashuke, akamkuta mtoto anajaribu kupanda. Gunia? Kifaranga alilivuta, akaona pengo, akasema mama amekataa. Akaenda kwenye gari ambalo mama hajalikataza.

Nilimchukua nikamkumbatia mpaka andazi likasagika kwenye blauzi yangu. Kisha nikamwambia akirudia kutoka getini peke yake atanijua. Kisha nikamkumbatia tena.

Ndipo tone la kwanza likaanguka. Mashuka yote yako wazi!

 Wifi alivua viatu, akafungua milango yote ya kigari, akaanza kubeba. Tulibeba watatu, mimi, yeye na Mkubwa, tukikimbia na kuinama kama wezi. Mvua ilipomwagika kweli shuka la mwisho lilikuwa ndani.

Gesti, Meneja aliweka kiganja. Pakavu. Akamtazama wifi. Nikafumba macho, nikajua sasa ndiyo sasa. Wifi akasema mashuka ni ya wifi yake, yeye leo ni dereva tu. Meneja akaniambia Jumatatu nije kuchukua machafu kama kawaida.

Kama kawaida! Nilikaa kwenye ngazi za gesti.

Jumapili, 13 Aprili

Nimelala vizuri, nimeamka nimefikiri vizuri.

Wifi amesema kila Jumamosi yenye wingu atakuja, tupakie kwake, ndugu ni kusaidiana. Nimemshukuru, nimesema nitafikiria. Nimeshafikiria. Hapana! Mtu hawi mwema kiasi hicho bure. Kwanza ameona jinsi ninavyokunja. Na mbona Meneja alimkaribisha juisi?

Mume wangu amepiga simu. Ameshasikia kwamba nimeua turubai kwa mkasi. Hakunikaripia. Alisema tu, mke wangu, nakuomba, mpeleke Babu kwa fundi ampime mwenyewe. Nikasema sawa baba. Nikasema mtandao unakatika.

Karakana bado inatazamana na nyumba ya wifi. Je, nimpeleke Babu pale mchana kweupe? Fundi hahitaji Babu. Fundi anahitaji kipimo. Na safari hii nataka madirisha mawili.

Mchana huu nimechukua shuka jingine, letu la nyumbani, nililoanika juu ya ua, lina unyevu kidogo. Mkubwa akashika pembe zake, mimi zangu, Kifaranga akakaa katikati chini yake anacheka. Mkubwa akauliza kama si hivi hivi tulivyofanya mara ya kwanza. Nikamwambia hapana, mwanangu, mara ya kwanza tulikosea.

Leo tumevuta kwa nguvu zaidi, ili lisipungue.