Gitaa la Chuma la Mzee Solomon

Jumatatu, 3 Februari

Mzee Solomon hatafika Pasaka. Amesema hivyo muuguzi wa hospisi, huduma ya wanaokaribia kufa, leo asubuhi, akiwa jikoni na viatu vyake vya theluji mkononi. Margaret, binti wa mzee, akamuuliza kama ana uhakika. Muuguzi akasema moyo umechoka na mapafu yana maji, hana la kuongeza. Mimi, mhudumu wake, nilikuwa nakoroga uji. Niliendelea kukoroga.

Mzee alisikia yote. Kuta za nyumba hizi za mtaa wa Phillips ni mbao tu. Akaitisha gitaa lake.

Gitaa lenyewe ni la chuma. Mwili wote umepakwa nikeli, na chini ya kifuniko chenye matundu kuna sahani ya alumini, nyembamba mno. Ukigusa nyuzi, sahani ndiyo inayotetemeka na kutoa sauti. Mzee ameshanieleza kwamba lilibuniwa kabla magitaa ya umeme hayajaenea, ili mpigaji asikike katika kelele za dansi. Watu wa bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi, wakalipenda. Unakaa kibarazani, unavaa shingo ya chupa kidoleni, unaitelezesha juu ya nyuzi, na gitaa linalia kama mtu. Alitoka nalo Mississippi akiwa kijana.

Sasa haoni, na vidole vimekufa ganzi. Hulilaza tu mapajani na kuegemeza mkono. Hapo mkono unapokaa nikeli imeliwa na jasho. Pamebaki alama ya kahawia, nene, yenye umbo la mkono wake. Huipapasa kila asubuhi kabla ya uji.

Leo akatangaza. Hataki litundikwe ukutani. Atakayelipiga kwenye mazishi yake, ni lake. Ila kwanza yeye mwenyewe alisikie, mara moja, likipigwa na mtu anayejua.

Nikasema mimi najua. Nimepiga gitaa tangu utotoni!

Si kweli kabisa. Kwetu Vihiga, katika bendi ya mjomba, nilipiga chupa. Chupa ya soda na msumari. Lakini nilikuwa nakaa karibu sana na gitaa.

Jumanne, 4 Februari

Sababu ya kulitaka. Tangu nifike Minnesota, kila mkutano wa Wakenya nabeba viti. Mchango, viti. Mahafali, viti. Ibada ya kumkumbuka marehemu, Jotham, wewe shughulikia viti. Hakuna aliyewahi kuniita mbele. Mtu mwenye gitaa kama lile habebi viti.

Nimemweleza mke wangu, Kerubo. Amesema, Baba Brandon, mkono wa kupiga gitaa ungekuwa umeshatengeneza bomba la sinki.

Kuna kizuizi kimoja. Merveille, wa Bukavu, anayenipokea kazi kila alasiri. Anapiga gitaa kanisani kwao, mtaa wa Frogtown. Nasikia watu huinuka vitini. Mzee hajui.

Mpango: asijue.

Alhamisi, 6 Februari

Nimenunua soda ya Meksiko, Barabara ya Lake. Hao bado wanatumia chupa za kioo. Nikaikata shingo, nikailainisha kwa msasa, nikaivaa. Ikaingia vizuri. Haikutoka.

Nimemlisha mzee, nimembadilisha shuka na nimempa dawa nikiwa na shingo ya chupa kidoleni. Kidole kikawa rangi ya biringanya. Merveille alipofika alicheka mpaka akashika ukuta. Akaichomoa kwa mafuta ya kupikia. Akauliza ni ya nini. Nikasema ni mazoezi ya viungo.

Akaivaa yeye, kidole cha mwisho. Akalichukua gitaa. Akatelezesha mara mbili tatu, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

Mzee akainua kichwa. Akauliza nani huyo.

Nikasema, ni mimi, mzee.

Merveille akanitazama. Ana tabia mbaya sana yule dada, kunyamaza.

Mzee akasema, tena. Merveille akanikabidhi gitaa, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Nikapiga. Naomba kuandika tu kwamba nilipiga. Paka wa Margaret alitoka chumbani.

Mzee akafikiri kidogo. Akasema nimshukuru yule wa pili kwa kujaribu, halafu nimrudishie yule wa kwanza.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefikiri upya. Gitaa halipewi mpigaji tu. Linapewa mtunzaji. Na kwa kutunza vyombo hakuna wa kunishinda. Mama alitulea hivyo: mgeni akija, kabla ya kutazama sura za watoto, anatazama sufuria. Zetu ungeweza kujitazamia ukichana nywele.

Mzee alipolala mchana nikalipeleka jikoni. Hapa hakuna majivu, nikatumia soda ya kuokea, na stilwulu, zile nyuzi ngumu za chuma za kusugulia sufuria. Nikasugua mbele, nyuma na shingoni. Lile doa la kahawia ndilo lililonipa taabu. Lilishika kama ugali uliokauka. Nikaliwekea msasa. Lilitoka lote!

Nikaona uso wangu. Nikaona hata kalenda iliyo nyuma yangu.

Nikalirudisha mapajani kwake kabla hajaamka. Alipoamka aliegemeza mkono kama kawaida. Akapapasa. Akapapasa tena, mbele zaidi, nyuma zaidi. Akauliza mkono wake uko wapi.

Margaret akamshika mkono, akamwambia huu hapa, Baba, nimeushika. Akasema si huo.

Aliuliza mpaka jioni. Margaret akampigia muuguzi simu. Muuguzi akasema wagonjwa wakifika hapo huchanganyikiwa, ni kawaida, aongezewe dawa ya kumtuliza. Akaongezewa.

Mimi nililitazama gitaa. Lilikuwa linang'aa vizuri sana.

Jumapili, 9 Februari

Tatizo dogo. Gitaa linakoroma. Nyuzinyuzi za stilwulu zimeingia kwenye matundu, zimekaa juu ya sahani. Na Merveille ameshamwambia Margaret kwamba kesho atampigia mzee gitaa. Margaret amefurahi, kawaita na majirani.

Nikatafuta bisibisi. Nikalegeza nyuzi, nikafungua kifuniko. Sahani ile, ukiiona, huamini kwamba ndiyo yenye kelele zote. Nyepesi kama karatasi ya sigara. Nikaona uzi mmoja wa stilwulu umenasa pembeni. Nikaegemeza kidole gumba katikati ili niufikie.

Ikabonyea. Mlio wa kopo la soda likikanyagwa.

Nikajaribu kuiinua kwa kijiko. Ikabonyea upande wa pili.

Nimefunga kila kitu. Nimemwambia Margaret baridi imelipata. Nimemweleza kitaalamu: chuma husinyaa, dirisha liko karibu, na nje leo hata pua inaganda. Akanishukuru kwa kumjulisha. Akaniomba nimsaidie kusogeza viti vya majirani.

Jumatatu, 10 Februari

Merveille alilikagua mbele ya watu. Alipogusa nyuzi ilitoka sauti ya bati la kuku. Akafungua kifuniko. Akachomoa uzi mmoja wa stilwulu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama, akanitazama. Kisha akatazama pale palipokuwa na doa.

Akasema kwa Kiswahili, ili wenye nyumba wasielewe, “Yaya Jotham, gitare haiko sufuria.” Yaya kwao ni kaka.

Nikamweleza habari ya baridi. Akasema ndiyo, baridi, yaya, baridi ya Vihiga.

Mzee akauliza mbona kimya. Merveille akamwambia kuna kitu kidogo cha kupeleka kwa fundi. Fundi yuko Saint Paul, ameahidi Alhamisi. Hakunitaja. Simwelewi yule dada. Angenitaja ningejitetea.

Mzee akasema sawa, atangoja. Wakati nikimgeuza ubavu akanishika shati. Akauliza kama gitaa bado lina mkono wake. Nikasema lipo salama, mzee. Akasema hajauliza hivyo.

Jumatano, 12 Februari

Hakungoja. Amefariki leo asubuhi, kabla ya uji. Margaret alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekunjwa juu ya blanketi, umeinuliwa kidogo, umeegemea kitu kisichokuwepo.

Nilimwosha. Mkono ule haukutaka kunyooka. Nikauacha hivyo.

Uji nilikuwa nimeshaupika. Niliumwaga.

Jumamosi, 22 Februari

Mazishi. Merveille alipiga. Sahani ya zamani ilikataa kunyooka, fundi ametia mpya. Sauti ni kali, imekaa juu, kama kijana anayeanza kazi. Margaret aliniambia mlangoni kwamba si sauti ya babake. Alisema angetamani kuisikia ile ya zamani hata kwa dakika moja. Nikasema baridi ya mwaka huu imezidi.

Nilikuwa nimevaa suti. Mtu asiyenijua kabisa, Mmarekani mwenye ua kifuani, alinitazama juu mpaka chini akaniomba nisaidie na viti.

Nikabeba. Kisha nikakaa safu ya mwisho. Lakini mfukoni nilikuja na chupa na msumari. Merveille alipofika katikati nikaingia. Kwaruza, kwaruza. Watu wakageuka! Mama mmoja mwenye kofia ya manyoya alianza kulia. Margaret naye. Merveille peke yake hakugeuka, ila aliupunguza mwendo akanisubiri, nami nikamfikia, tukaenda pamoja mpaka mwisho. Sina shaka watu walilia kwa sababu yangu.

Baadaye Margaret alimkabidhi Merveille gitaa. Kisha akanijia. Alisema babake aliacha ujumbe kwa ajili yangu, aliusema Jumanne usiku, kabla hajafa: yule mpika uji ashukuriwe, uji wake ulikuwa mzuri, na asiguse tena gitaa la mtu.

Kerubo amecheka njia nzima ya kurudi. Mimi nimeuchambua ujumbe ule. Mzee alisema gitaa. Hakusema vyombo vingine.

Jumatatu, 24 Februari

Ofisi yetu ya wahudumu imepiga simu. Wamenipatia mgonjwa mpya Roseville, mama wa Kinorwe, mjane, hainuki kitandani. Hali si nzuri, amesema msimamizi, hatarajiwi kuiona sikukuu ya uhuru ya Julai. Familia inapenda mhudumu anayeelewa muziki kidogo, kwa sababu mama hatulii bila akodioni ya marehemu mumewe, kinanda cha mkononi, kuwa kitandani kando yake. Hulala ameshika vifungo vyake.

Nikamwambia nimepiga akodioni tangu utotoni.

Msimamizi amefurahi. Ameniomba niwe mwangalifu nayo tu, ni ya zamani, vifungo vyote vimefanya weusi kwa vidole vya marehemu.

Nikamwambia asijali. Weusi naijua dawa yake.

Naanza Jumatatu, tarehe 3 Machi, saa mbili asubuhi.