Oksijeni Yangu Imekunywa Omukago na Jiwe la Malkia

Miembeni, Bukoba
Septemba 1955

Bwana Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, hujambo. Sisi huku wazima, migomba imezaa, senene, panzi wetu wa kukaanga, bado tunawangoja. Mimi ni Protase Rugaibula, muuza mafuta ya taa, vipuri vya baiskeli vilivyokwisha kutumika na dawa ya kunguni hapa Miembeni. Shule nilifika darasa la nne, la tano lilinikuta sokoni. Nakuandikia kwa sababu Serikali imenidhulumu kwa njia ya sayansi, na karani wa bomani ameniambia malalamiko ya namna hiyo hayana faili.

La kwanza. Nina kibanja cha migomba Ijumbi alichoniachia baba, mzee Rwegasira, naye amezikwa humo humo kati ya migomba, kama ilivyo desturi yetu Wahaya. Mwezi uliopita alikuja Mzungu wa kupima mawe, sisi tunamwita Bwana Nyundo, pamoja na karani wake Gamaliel, kijana wa Kilutheri aliyesoma mpaka anakohoa kwa Kiingereza. Walikuwa na kisanduku. Kilipokaribia kaburi kikaanza kutatarika kama senene kwenye kikaango. Bwana Nyundo akafurahi sana, akapigilia vigingi vyekundu kuzunguka migomba yangu. Nikauliza kulikoni. Gamaliel akanitafsiria kwamba juu ya ardhi ni kwangu, chini ni kwa Malkia, na huko chini kuna yuraniamu.

Bwana Mhariri, baba yangu yuko chini. Naomba nijulishwe kama naye sasa ni mali ya Malkia, na kama ni mtu wake, mbona hatukuona hata mkungu wake mmoja wa ndizi matangani.

La pili. Mimi si mtu wa ugomvi. Nikasema basi, chukueni yuraniamu yenu, vilivyobaki mniachie. Bwana Nyundo akacheka. Akasema yuraniamu haikai peke yake, imeshikana na oksijeni mbili, moja upande huu na moja upande ule, zimenyooka kama mtu aliyebeba mikungu miwili kwa mti begani. Nikauliza zimeshikana kwa kitu gani, kamba au misumari? Hapo akaeleza kwa Kiingereza mpaka kahawa ikapoa. Gamaliel alitoka jasho. Mwishowe akasema, "Ta Protase, kila mmoja ametoa vipunje vyake vidogo visivyoonekana, wanavitumia pamoja, kwa hiyo hawaachani. Wamekunywa omukago." Bwana Nyundo akaitikia kwa kichwa.

Kwa wasomaji wa pwani wasioujua omukago: watu wawili huchukua tunda moja la kahawa, ndani mna buni mbili. Kila mmoja hujichanja kidogo karibu na kitovu, hupaka buni damu yake, na mwenzake huila kutoka kiganjani. Tangu hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Chake ni chako, msiba wake ni wako, na atakayemsaliti mwenzake, buni ile humvimba tumboni mpaka afe. Sasa, mimi sikusema jiwe limekunywa omukago. Imesema Serikali, kwa kinywa cha karani inayemlipa mshahara.

Nikamuuliza Gamaliel hivyo vipunje yuraniamu anavitoa wapi. Akasema hapo hata mabingwa wa Ulaya wanabishana, wengine wanasema anavitoa sebuleni, wengine wanasema anafungua mpaka chumba cha ndani kabisa. Nikamwambia jambo dogo hilo, wamuulize mkewe.

La tatu. Oksijeni ni hewa, ndiyo hii tunayovuta. Hewa iko juu. Juu ni kwangu, Bwana Nyundo kasema mwenyewe. Basi katika jiwe lile wangu ni wawili na wa Malkia ni mmoja. Ningeomba ipigwe kura, lakini nasikia katika Baraza la Kutunga Sheria huko Dar es Salaam sisi wengi na Wazungu wachache huhesabiwa sawasawa, kwa hiyo nimeliacha.

La nne. Kiunoni mwa yuraniamu kuna na wengine wanaojishikiza, maji, chumvi, yeyote aliyepita karibu. Hao leo wapo, kesho hawapo. Ukimimina dawa nyingine wanaachia, wengine wanashika nafasi zao. Niliwatambua mara moja, maana hata hapa tunao, na kanzu walipewa bomani. Lakini wale wawili wa omukago, asema Gamaliel, hata uwamwagie asidi hawaachii.

La tano. Ikiwa jiwe la Malkia limekunywa omukago na hewa yangu, Malkia na mimi ni ndugu, na Gavana, aliye mtu wake, ni wa nyumbani. Ndugu wa omukago habishi hodi. Naomba uchapishe mlango wa jiko la Gavana uko upande gani, kwa kuwa Benigna, mke wangu, ameshaanza kufunga ndizi za safari. Gavana akifiwa nitalala matangani kwake. Nami nikimkumbuka baba, aje Ijumbi na vigingi vyake mkononi.

La sita, na hili silitanii. Nasikia huko wanakoipeleka yuraniamu wanaipasua moyo, na kwamba mji wa Wajapani uliisha asubuhi moja. Kwetu huvimba aliyesaliti. Kule walivimba watu ambao hawakula buni ya mtu. Sitaki jiwe la kazi hiyo litoke chini ya mgongo wa baba yangu.

Basi vigingi ving'olewe. Au Bwana Mkubwa yeyote aje Ijumbi, afungue shati mpaka kitovuni, tuunywe omukago sawasawa. Buni ninazo, na wembe ni mpya.

Nisalimie wapiga chapa wote, na wauza magazeti, na hasa yule anayefagia barua zisizochapishwa, maana huenda ndiye atakayenisoma.

Ni mimi, ndugu yake Malkia kwa upande wa hewa,
Protase Rugaibula

Nimesahau: Kabla sijafunga bahasha amefika Mwijage kutoka Ngenge. Huyu tulikunywa naye omukago ujanani, na amesikia habari za jiwe. Amekuja na mke, mbuzi, mikeka na mama mkwe. Hakubisha hodi. Amekaa kwenye kiti changu anakunywa lubisi, pombe yangu ya ndizi, na anasema nusu ya kibanja ni yake na kwa Gavana tutakwenda wote. Kwa hiyo hayo ya juu yaache, chapisha hili tu, kwa herufi kubwa: omukago ni mambo ya kizamani, hauna nguvu mbele ya Serikali, na jiwe ni jiwe. Vigingi navyo visiguswe kwanza, maana Gamaliel alisema ndani ya vigingi haruhusiwi mtu kujenga, na Mwijage ameshauliza miti ya kujengea inakatwa wapi. Tena Bwana Nyundo aulizwe polepole kuhusu ile asidi. Kama ipo nyingine kali zaidi, anitumie chupa moja kwa basi la Jumamosi.