Vibao Arobaini vya Mto Hemvumo

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Miezi miwili kamili tangu nirejee Myamba na shahada. Uongozi wa Umma, daraja la pili, kundi la chini. Serikali imesitisha ajira. Umma upo. Wa kuuongoza, yaani mimi, yupo. Kinachokosekana ni barua tu.

Jana Baba alilitia jembe mpini mpya, akaliegemeza mlangoni pa chumba changu.

Lakini leo, habari njema! Shirika moja la mjini Same linatafuta Mratibu wa kikundi kinachootesha miti ya asili ili kuufufua Mto Hemvumo. Nafasi ni moja. Pikipiki imo! Zamani mto huo uliijaza ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kwa usiku mmoja. Watu wakalima hadi ukingoni, wakapanda mikaratusi kwenye chemchemi. Sasa ndiva hujaa kwa siku tatu, na tangawizi hunyauka ikingoja zamu. Tatizo zito. Linadai shahada.

Nimejiunga na kikundi. Kwa kujitolea, kwa sasa.

Jumanne, 5 Oktoba

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja. Nilifika kitaluni nimevaa tai. Mwenyekiti ni Mama Eliaichi, elimu yake darasa la saba, mikono imejaa udongo. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba msomi, akanikabidhi ndoo. Nikamfafanulia kwamba nimekuja katika ngazi ya ushauri. Akasema vema sana, hata ushauri humea ukimwagiliwa. Akina mama walicheka kupita kiasi.

Nimebaini mapungufu. Hakuna kibao hata kimoja! Miche ya mringaringa haizidi kimo cha kikombe. Robo ya kitalu imekaliwa na fito kavu arobaini, nene kama mkono wa mtoto, zimesimikwa kivulini na kuzungushiwa magunia mabichi. Hazina jani. Bila shaka ni za uzio. Huzinyunyizia maji, nadhani kuzuia mchwa. Sikuuliza. Msomi huuliza maswali makubwa.

Mzee Zefania, mgawa maji wa ndiva, ameniambia kwamba kikundi kinamtaka Mama Eliaichi awe Mratibu. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Ijumaa, 8 Oktoba

Barua kutoka shirikani! Bi Mary, ofisa wao, mgeni katika wilaya hii, atakuja kukagua kazi na kumtambua anayefaa. Anauliza siku gani itatufaa. Mama Eliaichi ameniomba nimjibu, maana mwandiko wangu unasomeka. Siku yoyote, alisema.

Nimependekeza Jumamosi ya wiki ijayo.

Mama Eliaichi ni Msabato. Kikundi kizima ni Wasabato, isipokuwa mimi. Jumamosi hawagusi hata jembe. Kwetu Walutheri, Jumamosi ni siku ya maendeleo.

Nilimwarifu kwamba mgeni mwenyewe ndiye aliyechagua. Alisikitika, akasema basi Mungu atamwonyesha la kuonyeshwa.

Jumatano, 13 Oktoba

Vibao! Barabara ya lami kule bondeni ni shule tosha: kila mradi una kibao, na ipo miradi iliyobaki kibao kitupu na bado inaheshimika. Nimekata bati za madebe ya mafuta ya msaada, nikaandika kwa rangi nyeupe jina la mti kwa Kiswahili na kwa Kilatini. Chini yake: Mratibu, A. Senkondo. Vibao arobaini. Hakuna miti ya asili ya aina arobaini ninayoijua, hivyo baadhi ya majina yamerudiwa.

Nguzo sina. Nilimwomba Baba mikaratusi yake michanga. Akaniuliza kama nimeliona jembe. Nikamjibu nimeliona.

Jumamosi, 16 Oktoba

Siku ya ukaguzi.

Alfajiri kitaluni hapakuwa na mtu. Nikazing'oa zile fito zote arobaini, nikazigongomea kando ya mto kwa jiwe, kila moja na kibao chake. Mstari ulionyooka. Nilisimama mwishoni na tai yangu, nikajiona.

Bi Mary alifika saa nne. Akauliza wanakikundi wako wapi. Nikasema tupo katika awamu ya ugatuzi wa majukumu. Akauliza mbona kanisani kule juu watu wanaimba. Nikasema ni uhamasishaji. Akauliza miti yenyewe i wapi. Nikaeleza kwamba kitaalamu kibao hutangulia, mti hufuata.

Ndipo akatokea Mzee Zefania. Huyu haendi kanisani Jumamosi wala Jumapili. Husema maji hayana sikukuu. Akakwaruza ufito kwa ukucha. Ndani, kijani! Utomvu mweupe ukatoka. Akauliza ni mjukuu wa nani huyu aliyepanda mikuyu ya Mama Eliaichi kabla ya mvua.

Kisha akamweleza mgeni, mimi nikisikia kwa mara ya kwanza: mkuyu wa mwisho wa chemchemi ulikatwa mbao mwaka jana. Mama Eliaichi aliokoa matawi arobaini. Mto mzima hauna mengine. Yakifa, imekwisha.

Bi Mary aliandika kwa muda mrefu. Nikauliza kama anaandika kuhusu vibao. Akasema, navyo vimo.

Jumapili, 17 Oktoba

Mama Eliaichi alikuja nyumbani. Hakufoka. Heri angefoka! Baba akampa kigoda. Akasema vijizizi vilikuwa vimeanza kuchungulia. Fito haziwezi kung'olewa mara ya pili. Zitakunywa pale pale zilipo, kila ufito ndoo moja asubuhi, ndoo moja jioni, hadi mvua. Aliyezisimika ndiye atakayezinywesha.

Baba akamwambia nimekubali. Sikumbuki kukubali. Akaliondoa jembe mlangoni, akaweka ndoo.

Jumanne, 26 Oktoba

Ndoo themanini kwa siku. Kutoka mtoni hadi ukingoni, mtu asidhani ni karibu: ukingo wetu ni mkali. Tai imekwenda na maji. Mzee Zefania hupita na kuniuliza kama Mratibu ameamkaje. Akina mama wananicheka, kisha wananiachia uji. Mama Eliaichi ameutazama mwendo wangu, akasema bega limeanza kupata akili, kichwa nacho kitafuata.

Fito hazijafanya lolote. Mawingu yanakuja kutoka mlima Shengena, yanatutazama, yanaondoka.

Ijumaa, 12 Novemba

Mvua! Tangu jana mchana, bila kupumua. Nilikimbia mtoni bila viatu. Kibao cha kumi na saba kimeandikwa Mringaringa, na chini yake, wazi kabisa, kuna jani la mkuyu! Dogo, limekunjika kama sikio la ndama. Nikahesabu. Thelathini na sita zimeshika. Nne zimekufa.

Nilikaa matopeni. Uso ulilowa, ilikuwa mvua.

Mama Eliaichi alipita akizigusa moja moja. Kwenye zile nne alisimama kidogo. Kisha akanishika bega na kusema ahsante, baba.

Jumatano, 24 Novemba

Barua imefika. Mratibu ni Mama Eliaichi. Mimi nimeteuliwa kuwa mwagiliaji wa kujitolea, chini ya uangalizi wake. Pikipiki nayo imefika. Ameniomba nimfundishe kuiendesha. Sijui kuiendesha, lakini nimekubali.

Bi Mary anasifu mikuyu thelathini na sita. Nimetafakari kwa kina chanzo cha mafanikio haya, na hitimisho ni moja tu: vibao. Mti uliotangazwa hujitahidi. Ni jambo la uongozi.

Na sasa fursa! Mkuu wa shirika mwenyewe atakuja Desemba. Nitaandaa vibao vikubwa zaidi, jina langu kwa ukamilifu. Nguzo zipo: nyuma ya jiko la Mama Eliaichi nimeona fito ishirini alizoletewa juzi kutoka Shengena, zimesimikwa kivulini, zimefunikwa magunia. Safari hii sikukurupuka. Nimezichunguza kitaalamu, moja baada ya nyingine. Hazina jani hata moja.

Mkuu anauliza siku gani itatufaa. Mama Eliaichi, ambaye hadi leo anaamini kwamba Bi Mary ndiye aliyechagua ile siku ya kwanza, ameniomba tena nimjibu.

Nimependekeza Jumamosi.