Kochi Lililohamia kwa Mtani

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na nguo ninazo mwilini. Nawasimulieni mwenyewe humu kwenye kundi letu la simu kabla hamjaletewa na wengine, maana hapa Kisanga habari ikitoka saa nne asubuhi, saa sita iko Mikumi na imeshaongezwa chumvi.

Chanzo ni jicho la mama yangu. Bi Tatu mnamjua, ana sabini na kitu, na macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Daktari aliyempima Mikumi alisema ni upasuaji mdogo, leo anapasuliwa kesho anakuona na kukusema. Lakini bila kadi ya bima, mzigo wote ni wetu. Na mimi ni mtu wa kukaanga mihogo pale stendi, nyinyi wenyewe mnanunua na kunikopa. Basi tukasikia serikali inazilipia bima kaya zisizojiweza, jina la mama likaingia kwenye orodha ya awali, na jana jioni mwenyekiti wa kitongoji akapita akitangaza: kesho wanakuja kuhakiki, nyumba kwa nyumba.

Hapo ndipo washauri walipozaliwa. Kila mtu ana hadithi. Kuna aliyekatwa kwa sababu ya redio. Kuna aliyekatwa kwa sababu mtoto wake alikuwa anakula chapati wakati wahakiki wanapita. "Wewe na kochi lile," jirani mmoja akaniambia, "mama yako atakufa haoni."

Kochi lile. Kochi la watu watatu, rangi ya maziwa ya chai, nililinunua Mikumi kwa jasho la mihogo, likaja juu ya fuso lililokuwa linafuata mahindi. Siku lilipoingia uani, kijiji kizima kilikuja kulikalia kwa zamu. Sasa ndilo linataka kumpofusha mama yangu? Nikasema haliwezi. Litahama.

Likahamie wapi? Kwa Mama Kulwa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Yeye ni Msukuma, walikuja huku na ng'ombe wao miaka kadhaa iliyopita, na sisi Wasagara na Wasukuma ni watani, kwa hiyo hatujawahi kuongea dakika tano bila kutukanana. Jina lake halimo kwenye orodha, na wahakiki hawana shughuli kwake. Nikamwomba. Akasema, "Lete. Nimechoka kukaa kwenye kigoda nikisubiri Wasagara mstaarabike." Nikameza. (Mwenye shida hachagui tusi.)

Alfajiri tukaanza kazi, mimi na mume wake. Kochi, runinga, majembe mawili mapya, kuku watatu na jogoo. Mama alikuwa chumbani, ndiyo kwanza amemaliza kuswali. Macho hayaoni lakini masikio yale ni ya popo.

"Mama Zuhura," akaniita, "nini kinaburuzwa huko?"

"Nafagia, mama."

"Unafagia na trekta?"

Nikaendelea kuburuza. Na hapa ndipo nilipokosea, maana nilipaswa kumwambia. Sikumwambia kwa sababu namjua. Mama yangu ana kiburi cha watu wa zamani. Ukimwambia ajifanye maskini mbele ya wageni, atachukua fimbo yake aende kukaa barabarani mpaka wageni waondoke.

Mimi mwenyewe nilivaa gauni la kupalilia, lile lenye dirisha kwenye kwapa. Nikajifunga khanga iliyofifia mpaka maandishi yake hayasomeki. Nikapaka majivu kidogo mkononi (nacheka huku naandika, lakini nilipaka). Nikamletea mama gauni lake kuukuu. Akalipapasa, akalirudisha.

"Wageni wa serikali wanakuja kwangu, unanipa tambara la kudekia? Nipe lile la Idi."

"Mama, leo siyo siku ya kupendeza. Wanatafuta wasiojiweza."

"Mimi najiweza. Nisichoweza ni kuona."

Akavaa la Idi. Akajifunga doti mpya. Akajifukiza na udi. Mimi nimesimama pembeni yake kama niliyeokotwa shambani, yeye kama mama wa bwana harusi. Nikasema shauri lake, akae uani, ndani nitaongea mimi.

Saa nne wakafika. Binti mmoja wa ustawi wa jamii, mdogo tu, mpole, kishikwambi mkononi, pamoja na mtendaji wa kijiji. Binti akamwamkia mama, "Shikamoo bibi," mama akaitikia marahaba ndefu ya mtu aliyekuwa anaisubiri tangu asubuhi. Wakaingia ndani. Nikampa binti kigoda. Mtendaji akasimama, maana hapakuwa na pa kukaa.

Na huyo mtendaji, jamani, kwenye kochi lile alishakunywa uji wangu si chini ya mara kumi. Akaangalia ukuta. Akaangalia sakafu. Sakafuni kulikuwa na mstatili mweupe, msafi, wa urefu wa watu watatu, kwingine kote kumechakaa. Akakohoa.

Binti akauliza, "Mnakalia nini, mama?"

"Mkeka."

"Uko wapi?"

"Nimeufua."

(Mkeka. Nimeufua. Sijui nilitoa wapi.)

Binti akabonyeza kitu kwenye kishikwambi, akaendelea kuuliza maswali mengine. Tunakula mara ngapi, maji tunachota wapi, nani anamhudumia bibi. Yote hayo nilijibu kweli tupu, na kweli yenyewe ilitosha. Lingeishia hapo, leo ningekuwa mshindi.

Mara nikasikia fimbo mlangoni. Mama amechoka kuachwa nje kwenye maongezi yake mwenyewe. Akaingia kama anavyoingia siku zote: mkono wa kulia ukutani, hatua nne, geuka kushoto, fimbo chini, kaa. Hiyo ndiyo ramani yake. Ndani ya nyumba hii mama haonekani kama asiyeona, kwa sababu kila kitu kiko pale alipokiacha. Mimi nikafungua mdomo. Nimwambie nini mbele ya binti? Mama usikae, kochi halipo?

Akakaa. Akakaa kwenye hewa.

Sitausahau ule mshindo. Nikamrukia, binti akamrukia, mtendaji akasema "Lailaha". Mama hakulia wala hakulalamika. Alikaa pale sakafuni na gauni lake la Idi, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, akapapasa nyuma.

"Kochi langu liko wapi?"

Na mimi, mtoto niliyezaliwa na mwanamke huyu, nikajibu, "Kochi gani, mama?"

Hilo ndilo la aibu kuliko yote, kuliko hata yanayofuata. Nililisema kwa sauti ya kumbembeleza, kana kwamba akili imemruka. Mama akapapasa tena sakafu. Akafikiri. Kwake yeye jibu lilikuwa moja tu: binti yake hajajua bado, nyumba imeingiliwa. Akavuta pumzi.

"Mwiziii!"

Bibi wa sabini na kitu ana kifua bado. Mnajua hapa kwetu neno hilo likipigwa hakuna anayeuliza mara mbili. Dakika haikuisha uani pamejaa. Huyu na panga, yule na mchi, Mzee Ramadhani wa nyumba ya mbele na bakora na kanzu ameipandisha magotini. Mama bado yuko sakafuni anawapa taarifa: "Wamebeba kochi. Na kuku siwasikii. Asubuhi nimesikia kitu kinaburuzwa."

"Kochi zima na mchana huu?" Mzee Ramadhani akasema. "Basi halijafika mbali. Tupekue nyumba moja moja."

Sauti nyingine nyuma ikadakia, "Tuanze kwa wale waliokuja na ng'ombe." Watu wakaitikia.

Nikamwona Mama Kulwa. Amesimama nyuma kabisa karibu na choo, bado ana unga mikononi. Mwanamke yule tangu nimjue hajawahi kunyamaza, hata msibani huwa anatania maiti. Leo kimya. Ananiangalia tu. Ndani kwake kuna kochi langu, runinga yangu, majembe yangu na jogoo wangu, na watu wenye mapanga wameshageuka kuelekea kwake. Angeweza kusema. Lakini nani angemwamini, mgeni amekutwa na mali, anasema amepewa?

Nikaangalia kishikwambi cha binti. Nikaangalia jicho la mama. Nikasema moyoni, jina likikatwa basi likatwe.

"Hakuna mwizi," nikasema. Hawakusikia. Nikatoa kigoda mlangoni, nikapanda juu yake. "Hakuna mwizi! Kochi liko kwa Mama Kulwa. Nimelipeleka mimi mwenyewe, alfajiri, kwa mikono yangu hii yenye majivu. Nililificha ili mama apate kadi."

Halafu nikasikia mtu mmoja anaguna puani, sijui nani, na kijiji kizima kikapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Mzee Ramadhani alikaa chini na bakora yake. Na Mama Kulwa, ulimi wake ukafunguka papo hapo.

"Haya jamani, mimi tangu asubuhi nimelikalia, nikasema kweli Wasagara wanajua raha, ila hawajui kusema uongo. Umeficha kochi, jogoo umemleta wa nini, alikuwa ajibu maswali?"

Wakaenda kulileta. Sikuwatuma. Vijana wanne wamelibeba mabegani, nyuma yao mtu na runinga kichwani, nyuma yake Mama Kulwa na jogoo kwapani, anapiga vigelegele, wanawake wanaitikia. Kama mahari inaletwa. Watu waliokuwa wanapita barabarani wakasimama kuuliza nani anaolewa. Mimi nimesimama mlangoni na gauni lenye dirisha, napokea.

Wakaliweka juu ya mstatili wake. Mama akainuliwa, akakaa upande wa kushoto, akaupapasa mkono wa kochi. "Ndilo," akasema. Kisha akageuza uso kwangu, akanikosa kidogo, akawa anauangalia ukuta. "Kumbe ulikuwa unajua, ukaniambia 'kochi gani'?"

Hapo hasira zikanipanda. Siyo kwa mama. Nikamgeukia binti wa watu, na nakiri hakuwa na kosa lolote, lakini ndiye serikali niliyekuwa naye karibu.

"Andika," nikamwambia. "Andika kochi lipo, la watu watatu. Andika runinga. Andika jogoo, na rangi yake kama panahitajika. Halafu andika na jicho. Mihogo yangu imenunua kochi, haiwezi kununua jicho. Kwa nini nimvue mama yangu heshima ndiyo atibiwe? Asiyeona akikalia kochi anaona?"

Watu wakaacha kucheka. Binti akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama, kochi nitaandika. Mkeka nitaufuta. Na kuna sehemu ya kuandika nilichokiona mwenyewe kwa macho yangu. Nimemwona bibi anakaa mahali pasipo na kitu. Hiyo nitaiandika yote."

Mtendaji akakohoa tena. Akasema utaratibu unataka jina lisomwe mbele ya wananchi, wao ndio wathibitishe kama mtu anastahili. Mkutano ulipangwa alasiri, na kwa kawaida tunawapigia mbiu na hawaji. "Leo wamekuja wenyewe na mapanga. Tumalize." Akasimama kizingitini, akasoma jina la mama lote mpaka la babu. "Anayekubali bibi huyu alipiwe bima, anyooshe mkono."

Nikainamisha kichwa. Wamenicheka, nimewadanganya, nimetaka kuwapiga bao. Kuna wenye wazazi wao pia kwenye orodha. Nikasubiri.

"Wamenyoosha wangapi?" mama akauliza.

Nikainua macho. Mzee Ramadhani alikuwa amenyoosha bakora. Mwenye mchi amenyoosha mchi. Hata yule aliyesema tuanze kwa wenye ng'ombe, mkono uko juu, anaangalia chini.

"Wengi, mama. Karibu wote."

"Karibu? Nani bado?"

"Mama Kulwa."

Amesimama na jogoo wangu kwapani. "Mkono wangu umeshikilia kitu," akasema. "Nikiunyoosha, jogoo ataanguka. Labda mniambie ni wangu, nimwachie aende kwangu mwenyewe."

"Ni wako," mama akasema, bila kuniuliza. "Mpe na mmoja katika majike, asiwe mpweke."

Mama Kulwa akanyoosha yote miwili. Jogoo akatua, akatoka mlangoni, na nawaapia alielekea nyumba ya tatu. Alikuwa ameshazoea.

Majibu yatabandikwa ofisini kwa mtendaji. Sijui yatasemaje. Lakini nawaambia mapema, na mwenye kusikilizwa huko juu awafikishie: wakimkata mama kwa ajili ya kochi, tutalibeba tena. Vijana wanne wapo, Mama Kulwa na vigelegele vyake yupo. Tutalipeleka Kilosa wilayani, tuliweke mlangoni kwa wakubwa, mama akalie na gauni lake la Idi mpaka mtu atoke amtazame machoni.

Sasa hivi nimekaa, nimevaa nguo za maana, majivu nimenawa. Nimemwomba mama radhi, akasema atanijibu akishaniona vizuri. Kwa hiyo anayetaka kunicheka asijifiche kwenye simu, aje anichekee hapa hapa, kochi ni la watu watatu. Ila upande wa kushoto asikalie, na asilisogeze hata shubiri.