Safari ya Firenze Niliyoifanyia Buffalo

Jumatatu, 5 Oktoba 2015. Louisville.

Isaro,

Leo nimeaga. Nimewaambia wote hapa Highview kwamba kesho napanda ndege kwenda Firenze, Italia. Mama yako alinishika kichwa akaniombea mpaka chai ikapoa. Dada yako Bamurange hakuomba. Aliuliza tiketi iko wapi. Nikasema siku hizi tiketi inakaa ndani ya simu. Akasema nimwonyeshe simu. Nikasema imeisha chaji. Wakati huohuo ikalia.

Ukweli unaujua. Kitabu cha safari cha mkimbizi niliomba mwezi wa pili na hakijaja. Mwezi wa tano mama yako aliniuliza mbele ya watu, nikajibu kimekuja. Tangu siku hiyo naishi kama mtu mwenye kitabu.

Jumamosi ya tarehe 17 tunamaliza matanga yako. Hawataki kungoja mwezi wa kumi na moja utakapotimia mwaka, wageni wasije wakakwama kwenye theluji. Desturi ya ukoo wenu ni ngumu. Mume husimama, anataja alichomwahidi marehemu, anaonyesha kwamba amekitimiza. Akishindwa, nguo ya marehemu inarudi kwa ndugu zake. Nguo ni kile kitenge chako cha buluu chenye ndege weupe. Nimekilalia tangu siku tuliyokuzika. Bila hicho sijui nitaweka kichwa wapi.

Na ahadi ilikuwa moja tu. Hospitalini nilisema, Isaro, Firenze utaiona. Bamurange alikuwa pale kwenye kiti cha plastiki, anasikia yote.

Ile kalenda ya Firenze ya mwaka 1998 uliyopewa na sista Mwitaliano kule zahanati ya Uvira bado iko jikoni. Tarehe zake zimekufa, picha ni nzima. Mwezi wa sita ni lile daraja lenye nyumba juu yake. Ulikuwa ukiliangalia huku umechovya mkate kwenye chai, unasahau, mkate unakatikia ndani. Ulikuwa unautafuta kwa kijiko bila kutoa macho kwenye daraja.

Mpango uko tayari. Basi mpaka Columbus, halafu Buffalo kwa binamu yangu Semahoro. Buffalo, kwenye bustani kubwa, kuna nakala ya sanamu ya Daudi wa Firenze. Hapa Louisville pia tuna Daudi, wa rangi ya dhahabu, lakini kanisa zima limeshapiga picha naye. Hafai.

Jumatano, 7 Oktoba. Columbus.

Niko kwa Wafula. Unamkumbuka, Mkenya tuliyefanya naye kazi ghalani kabla hajapata ofisi. Yeye Firenze amefika kweli, siku nne, na wenzake wa chuo. Nimekuja kumchota habari. Kosa. Tangu jana jioni hajanyamaza. Amepanda ngazi mia nne sitini na tatu mpaka juu ya kanisa kuu. Akaniuliza kama magoti yangu yangeweza. Nikasema yangeweza. Akasema, "Mzee, wewe lifti ya kwetu hapa umeingia ukishika ukuta."

Niliandika yote: foleni, aiskrimu inayopakwa kwa mwiko, maduka ya dhahabu darajani. Nilipomaliza akaniomba nimsomee, akasahihisha.

Mchana tulikwenda mbele ya ofisi ya jiji, penye sanamu ya Kristofa Kolombo, zawadi ya Waitaliano wa Genova. Wafula akasema Genova si Firenze. Nikasema shaba ni shaba. Akakataa kunipiga picha, eti ni mtu wa kanisa. Nikamwomba mpita njia, mzungu mnene mwenye kofia ya mchezo wa besiboli. Akapiga moja, akaenda zake. Nikaituma kwenye kundi la familia nikiandika: nimefika Italia, nimeanzia pembeni.

Bamurange akajibu haraka. Shemeji, huyo si Kolombo?

Mama yako alituma sauti. Aliuliza mwanamke aliyenipiga picha ni nani. Nikajibu alikuwa mwanaume. Akasema hapana, mwanangu, angalia chini, kivuli chake kimefika kwenye viatu vyako.

Nikaangalia. Kivuli cha mpiga picha kipo kweli, jua lilikuwa mgongoni kwake. Ni chembamba. Kichwani kimefunga kilemba, fundo liko upande wa kushoto.

Nimemwonyesha Wafula. Kwa mara ya kwanza tangu jana aliiacha Firenze, akaenda kufunga mlango.

Ijumaa, 9 Oktoba. Buffalo.

Semahoro anakaa Riverside, nyumba ya mbao, mtaa wa pili kutoka mtoni. Ametoka zamu ya kiwanda kule Tonawanda, macho mekundu. Nilimweleza mpango wote. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alisema, "Bon, ndugu yangu, watu wanadanganya kwamba wako Buffalo ili waende Italia. Wewe unafanya kinyume."

Shida ni saa. Firenze wametutangulia saa sita. Saa nane mchana nilimpigia mama yako nikasema kumeingia giza huku, nimekula, najitayarisha kulala. Nilifunga mapazia ili sauti yangu iwe ya usiku. Semahoro akasema sauti haioni mapazia.

 Mama yako akaniomba nisogeze simu karibu na dirisha, kengele zinapendeza.

Nilimwuliza kengele zipi. Akasema hizo nyingi, kubwa moja na ndogo zinaifuata. Nikafungua pazia. Barabara tupu, jani linaburuzwa na upepo. Semahoro aliweka sikio dirishani, halafu kwenye simu, halafu dirishani tena. Akasema anasikia friji tu.

Baadaye aliniambia mama wa watu amezeeka, masikio yake yanajipigia yenyewe. Lakini chakula cha jioni alikula amesimama.

Jumamosi, 10 Oktoba. Buffalo.

Siku ya Daudi. Bustani ya Delaware, kilimani, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Chini yake magari yanapita kwenye barabara kuu. Ni mweusimweusi, mzito, mzuri. Na hana nguo.

Isaro, hili sikulifikiria. Nimeliona kwenye kalenda yako miaka yote, na halikunipita akilini. Mimi, mkwe, nimtumie mama yako picha ya mwanaume aliye uchi. Hata mezani sithubutu kula mbele yake.

Kumfunga hatukuweza, jiwe alilosimamia ni refu kuliko sisi. Basi nikatoa kitenge chako kwenye mfuko. Nikasimama mbali na Daudi, karibu na simu, nikanyoosha mkono ili kwenye picha kitenge kifunike panapohusika. Semahoro akaongoza. Juu. Kushoto. Umefunika goti. Shusha, sasa umefunika uso na umeacha lenyewe. Wazee wawili wenye mbwa walisimama kututazama. Mbwa hakututazama sisi. Aliangalia nafasi iliyokuwa kando yangu, akalala chini, akaweka kichwa juu ya miguu.

Picha ya kumi na mbili ikafaa. Mimi natabasamu, kitenge kimenyooka, Daudi ana heshima yake. Nikaituma. Nikakunja kitenge, nikakiweka mfukoni, nikafunga zipu. Semahoro ni shahidi.

Mama yako alijibu: asante, mwanangu. Basi. Bamurange hakujibu kabisa. Jioni nzima nimeikuza ile picha nikitafuta palipobaki wazi. Hakuna.

Jumapili, 11 Oktoba. Buffalo.

Nimejiharibia mwenyewe.

Semahoro aliniambia nibaki nyumbani. Lakini Jumapili bila ibada, mimi? Nikaenda, nikakaa kiti cha nyuma, nikashusha kofia. Kwaya ikaimba. Nilijiambia nitatoka kabla ya matangazo.

Mchungaji Rurangwa akasema wageni wasimame.

Miguu ilisimama, Isaro. Nimelelewa hivyo, nawe umelelewa hivyo. Mgeni hakai chini akiitwa. Nikasikia mdomo wangu unasema bwana asifiwe, mimi ni Ruhimbika, ninawaletea salamu nyingi kutoka kanisa la Louisville. Wakapiga makofi. Semahoro akafunika uso na kitabu cha nyimbo.

Mchungaji akafurahi sana. Akasema jioni, kwenye maombi ya simu ya makanisa yote, atawarudishia Louisville salamu zao.

Jumatatu, 12 Oktoba. Buffalo.

Bamurange alipiga kabla sijanawa uso. Aliuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, kumbe Mchungaji Rurangwa amefungua kanisa Italia?"

Nikaanza habari ya ndege iliyopitia Buffalo. Akaniambia nisiongeze, nisije nikaishiwa. Alisema atanitazama nikisimama siku ya Jumamosi, kisha atanyoosha mkono nimpe kitenge, na anataka kiwe kimefuliwa.

Nilidhani amemaliza. Lakini hakukata. Akauliza, kwa sauti nyingine ya chini, nani yuko kwenye picha ya juzi.

Nikasema mimi.

Akakata.

Jumamosi, 17 Oktoba. Louisville.

Tulikuwa watu kama arobaini kwenye ukumbi wa kanisa. Wafula amekuja na Semahoro amekuja. Viti vya kukunja, wali, nyama, soda. Picha yako mezani, ile ya shati la kazini. Mfuko wenye kitenge nilikuwa nimeukumbatia. Tangu Buffalo sikuwa nimeufungua, kwa aibu.

Nilisimama. Niliwaza kusema kwamba nilirudi mapema kwa sababu ya mgomo wa treni, Wafula aliniambia kule migomo ni mingi. Nikaona mama yako ananitazama, mikono imelala mapajani. Nikashindwa. Nikasema ahadi yangu ilikuwa Isaro ataiona Firenze. Nikasema sikwenda, nilikuwa Columbus na Buffalo, na picha niliyowatumia ni ya nakala kwenye bustani. Nikasema kitenge ni chenu.

 

Mama yako alisema anajua nilikuwa Buffalo, kanisa zima linajua. Akauliza nani aliyesema kwamba aliye kwenye ile picha ni mimi. Akamwambia Bamurange atoe simu.

Simu ilipita mkono kwa mkono mpaka kwangu. Ni picha niliyoituma mimi, saa ileile, jina langu liko juu yake. Hakuna Daudi. Hakuna barabara. Mimi simo. Kuna mto wa rangi ya chai ya maziwa, na daraja lenye nyumba juu yake, madirisha madogo ya mbao. Mwanamke amesimama ametupa mgongo, ameegemea ukuta wa mto, amejifunga kitenge cha buluu chenye ndege weupe. Kilemba, fundo kushoto. Uzito ameuweka mguu mmoja, kama ulivyosimama ukingoja maji yachemke.

Nilitoa simu yangu. Kwangu nipo mimi, natabasamu, mkono umenyooka mbele ya Daudi. Tuliziweka pamoja mezani. Semahoro akasema alipiga ile ya kwangu, anaapa. Wafula aliikazia macho picha ya Bamurange, akasema polepole kwamba ni pale, yeye mwenyewe alisimama palepale, na ukuta huo una ufa hapo chini.

Mama yako akasema ahadi haikuwa Ruhimbika aione Firenze. Ilikuwa Isaro aione. Imetimia. Bamurange alilia bila sauti. Akaniambia, "Shemeji, nguo ni yako. Itoe tuione, ukae nayo."

Nikafungua zipu. Mfuko ulikuwa mtupu.

Niliugeuza nje ndani. Walitafuta chini ya viti, kwenye gari la Semahoro, kwenye kabati la kwaya. Mama yako hakutafuta. Alisema mtu akisafiri hubeba nguo yake, na kule mwezi wa kumi asubuhi kuna baridi.

Tulikula. Wali ulikuwa mzuri. Matanga yameisha.

Jumapili, 18 Oktoba. Louisville.

Nimelala juu ya mto wa kawaida. Si vizuri, si vibaya.

Baada ya ibada nilimsindikiza mama yako mpaka mlangoni kwake. Alisema sasa roho yake imetulia, amebakiwa na hamu moja tu duniani, kukanyaga Yerusalemu kabla hajafa. Akauliza kile kitabu cha safari kimeshakuja kweli, au bado.

Nikasema kimekuja.

Sijui kwa nini, Isaro. Alikuwa na macho mazuri. Nikaongeza kwamba twende Pasaka. Akashika mikono yangu yote miwili, akaingia ndani anaimba. Mchana huu nimempigia Semahoro. Anasema Florida kuna mahali walikojenga Yerusalemu mpya kabisa, yenye kuta, hekalu, na sehemu ya kuegesha magari. Kutoka hapa ni siku moja na nusu kwa basi. Nitamwambia ndege za siku hizi zinapita chini. Wafula, bila shaka, Yerusalemu amefika mara mbili.

Huko uliko kuna mengi ya kutazama. Tazama yote, usiharakishe. Ukipumzika, nikumbuke mimi Ruhimbika.