Njia ya Nne ya Kupata Shahada

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa kando ya daftari la mahudhurio. Mkuu wa Huduma wa hospitali anastaafu. Jikoni, usafi na kufulia, vyote vitakuwa chini ya mtu mmoja mpya. Sharti: shahada ya kwanza, au barua ya kukubaliwa chuoni kabla Aprili haijaisha. Nimelisoma mara tatu. Nimesimamia chumba cha kufulia kwa miaka kumi na tisa. Nafasi ni yangu. Imebaki shahada tu.

Mpishi Mkuu alikuwa nyuma yangu. Akasema yeye ameshajiandikisha, anasoma Jumamosi na Jumapili tangu Januari. Amenunua na begi la mgongoni. Mtu wa miaka hamsini na moja, begi la mgongoni! Nikampongeza. Pongezi zilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda chuoni saa ya chakula. Dada wa dirishani akanieleza kwa subira kwamba mtu aliye kazini ana njia nne. Masomo ya jioni, miaka minne. Mwisho wa wiki, minne na nusu. Kwa mtandao, unakwenda kwa mwendo wako, na wengi, alisema, mwendo wao ni wa kobe. Njia ya nne ni utambuzi wa ujuzi: unaandika jalada la yale uliyojifunza kazini, chuo kikiridhika kinakusamehe hadi nusu ya masomo.

Nikamuuliza kama kuna mtu amewahi kusamehewa yote. Akaniuliza kama nina swali lingine.

Njia ya nne! Mpishi atakuwa bado anabeba madaftari mimi nimevaa joho.

Mke wangu anasema jioni ingenifaa zaidi. Yeye ni mwalimu, shahada yake aliipata likizo kwa likizo, miaka sita, mtoto mgongoni. Nikamwambia dunia imebadilika, siku hizi kuna kusoma kwa akili. Akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Alisahihisha kwa nguvu kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanza jalada. Kichwa: "Usimamizi wa Nguo za Hospitali: Tajriba Yangu." Kizuri. Nikapumzika.

Baada ya chai nikaingia kwenye maswali ya fomu. Mashine moja inabeba kilo ngapi? Nguo zenye damu zinafuliwaje? Nikagundua jambo la ajabu. Sijui. Karatasi za mashine zile nimezisaini kila siku ya Mungu, na sijui.

Mshonaji anajua. Huyu ni mama wa miaka hamsini na tatu, anakaa dirishani na cherehani yake, anatia viraka mashuka. Nikavuta kiti nikamwomba anikumbushe mawili matatu. Nilitumia neno "kukumbusha". Akasema bila kuinua mguu kwenye cherehani:

"Damu haitaki maji ya moto, bosi. Ukiichemsha umeipikia humo humo, haitoki mpaka kiama. Maji baridi kwanza."

Nikaandika. Akasema shuka ni kama mgonjwa, usiliguse kabla hujajua limetoka wodi gani. Nikaandika hilo nalo, nikaongeza "kwa maoni yangu".

Kurasa kumi na nne. Kiganja kinauma. Kweli elimu si lelemama.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amesoma jalada lote. Amesema ni zuri mno. Kisha akauliza huyo "mimi" anayesema humu ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akasema ajabu, anaonekana mtu wa kuamka mapema.

Nimelikabidhi chuoni. Kurudi, nikakutana na Mpishi Mkuu mlangoni. Akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama najua kwamba njia ya nne ina mtathmini anayekuja kazini kumwangalia mtu. Wivu mtupu! Nikamwambia aangalie wali wake usiungue.

Saa tisa simu ikalia. Mtathmini. Atafika Jumanne saa tatu asubuhi. Anachotaka, alisema, ni kuniona nikifanya niliyoyaandika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaza Jumamosi na Jumapili nzima. Hatari si mtathmini. Hatari ni Mshonaji. Akiulizwa atajibu, ndivyo alivyoumbwa.

Kwa hiyo nimempa kesho siku ya mapumziko. Akashangaa. Ameniomba ruhusa mara mbili tangu tufahamiane, moja ya msiba na moja ya jino, na ile ya jino nilikataa. Akauliza kuna nini. Nikasema hospitali inathamini watu wake. Akanitazama kwa juu ya miwani. Akasema basi magauni ya upasuaji yafuliwe ya kwanza, na yafuliwe peke yake. Nikamwambia asinifundishe kazi.

Mpango umekamilika. Hauna tundu hata la sindano.

Jumanne, 11 Machi

Heri ningeugua.

Mtathmini ni bibi mfupi, amevaa raba. Jalada langu kwapani, limejaa vikaratasi vya rangi. Akakataa chai. Dalili mbaya. Akaniomba nianze kazi kama siku yoyote.

Nikapakia magauni ya upasuaji kwenye mashine ya pili. Nafasi ilibaki, nikaongeza blanketi jekundu, jipya, la wodi ya wazazi. Nikamweleza kwamba kuendesha mashine nusu tupu ni ubadhirifu. Akaandika. Nikaweka maji ya moto. Akaandika kwa muda mrefu. Wafuaji wawili walisimama wakitazama dari kama wanangoja kupigwa picha.

Dakika arobaini. Nikafungua mlango. Waridi! Magauni ishirini na sita, yote rangi ya waridi, na madoa ya damu yameiva mahali pake.

Simu ya chumba cha upasuaji ikalia. Muuguzi anauliza magauni. Nikasema yako njiani. Akasema basi, acha ampigie Mshonaji kama kawaida. Kama kawaida!

Robo saa haikupita Mshonaji akaingia, na malapa ya nyumbani miguuni. Akafungua kabati ambalo siku zote nilijua ni la mafagio, akatoa magauni safi thelathini, akayatuma juu. Yale ya waridi akayatosa kwenye maji baridi na dawa. Akamwambia huyu shika hapa, yule fungua pale. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile chumba kikawa chumba cha kufulia.

Mtathmini akamsogelea, akamuuliza kwa nini maji baridi.

"Damu haitaki maji ya moto, dada yangu," akasema Mshonaji. "Ukiichemsha umeipikia humo humo, haitoki mpaka kiama."

Mtathmini akafungua jalada langu, ukurasa wa tatu. Akaweka kidole. Akamuuliza kuhusu mashuka. Mshonaji akasema shuka ni kama mgonjwa. Kidole kikahamia ukurasa wa saba. Nikaeleza kwamba sisi hapa tunasema lugha moja, kikazi.

Kisha Mshonaji akaomba kuliona jalada. Akasoma kurasa mbili amesimama, maji yakimdondoka viwikoni, midomo ikichezacheza. Nilingoja matusi. Nilikuwa hata nimeandaa majibu. Akasema tu, kwa sauti ndogo, kwamba hakujua kama anayajua yote haya.

Angenitukana ningelala vizuri.

Jumatano, 16 Aprili

Majibu ya chuo. Barua mbili zimekuja hapa kufulia siku moja.

Yangu: nimekubaliwa kuanza mwaka wa kwanza, masomo ya jioni. Nimesamehewa somo moja, Stadi za Uandishi. Sababu: "Mwombaji ana kipaji cha kunukuu maelezo ya mtu mwingine kwa ufasaha." Chuo kimetumia neno kipaji! Nimemsomea mke wangu. Amecheka mpaka akakaa chini. Sijui furaha yote ile ya nini.

Ya pili ni ya Mshonaji. Kumbe mtathmini alimwachia fomu. Aliacha shule baada ya kidato cha nne ili amuuguze mama yake, na cheti alikitunza miaka yote kwenye mfuko wa nailoni. Amekubaliwa. Amesamehewa masomo kumi na mawili. Aliisoma barua, akaikunja, akaiweka kifuani, akarudi kwenye cherehani. Alishona mshono mmoja mrefu bila kuangalia. Ulipinda. Sijawahi kuona mshono wake umepinda.

Ijumaa, 2 Mei

Mkuu mpya wa Huduma ni Mshonaji. Katibu wa hospitali alisema wapasuaji wenyewe waliandika barua kumpendekeza.

Nikashuka jikoni. Mpishi Mkuu alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, begi liko sakafuni. Akanimiminia chai. Tumekubaliana kwamba elimu ya siku hizi imeshuka.

Mchana Mshonaji akaniita. Nilimkuta amesimama, hajazoea kukaa kwenye kile kiti. Akasema nabaki msimamizi, ila kila asubuhi nitaendesha mashine moja kwa mikono yangu mpaka nizijue zote. Na saa kumi nitoke niwahi masomo, yeye atanishikia zamu. Nikamwita Mama. Lilinitoka lenyewe.

Jumatatu, 12 Mei

Jioni ya kwanza darasani. Tuko thelathini na wawili, wote watu wazima, wote macho mazito. Mwalimu ametupa kazi ya kikundi, insha ya wiki mbili: "Uaminifu Mahali pa Kazi." Mada nzuri. Inanihusu.

Kikundi chetu ni watu watano. Nikajitolea kuwa kiongozi kabla mwingine hajanyoosha mkono. Kuna karani wa mahakama, mwandiko wake kama umechapwa. Huyo ataandika. Kuna fundi umeme anayependa vitabu. Huyo atasoma. Wawili waliobaki watahakiki. Karani akauliza mimi nitafanya nini. Nikamwambia nitasimamia, na jina langu litangulie, kwa heshima ya umri.

Nimefika nyumbani mapema. Mke wangu ameuliza masomo yakoje.

Mepesi, nikamwambia. Mepesi ajabu. Mtu akishajua kujipanga, chuo hakina shida.